Mwanamke wa Mraba wa Saba

Laure Kabedi alikuwa na miaka arobaini na minane alipopewa nusu saa ya redio, na hakuiomba. Alikuwa mjane, mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari ya Likasi, mji wa migodi ya shaba huko Kongo, watoto wake wawili wamekwisha kuwa na nyumba zao, na Jumamosi zake alizipenda zikiwa kimya. Lakini mtangazaji wa michezo wa redio ya parokia alihamia Kolwezi ghafla, na mkuu wa redio, mzee ambaye wote walimwita Papa Léon, yaani Baba Léon, akabaki na pengo kila Jumamosi saa kumi alasiri. Alimngoja Laure nje ya kanisa baada ya misa, akamwomba azibe pengo hilo kwa jambo lolote la kuwafaa vijana.

Juma la kwanza Laure alifundisha sarufi. Juma la pili alifundisha sarufi tena. Juma la tatu, Ricky, fundi wa mitambo, mtu asiyejua kuficha neno, alimweleza kwamba tangu aanze hakuna hata mmoja aliyepiga simu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akivaa visikilizi bila kufungua sauti. Laure hakukasirika. Alirudi nyumbani, akavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akatoa bede.

Watu wa Likasi huita bede vile vitabu vya hadithi zinazokwenda kwa picha, kila picha ndani ya mraba wake na maneno ya wahusika yakielea juu ya vichwa vyao. Laure alikuwa navyo kumi na kimoja, vyote vya mfululizo mmoja: Nikandre Mpimaji. Nikandre alikuwa kijana wa Kigiriki aliyewapimia Warumi wa kale barabara zao, nusu karne kabla ya Kristo, na kila kitabu kilimpeleka nchi nyingine: Misri, Numidia, Galia, Siria. Baba yake Laure, Georges Kalenga, fundi wa mashine kiwandani, ndiye aliyevileta nyumbani siku maktaba ya klabu ya wafanyakazi ilipofungwa na vitabu kugawiwa kwa yeyote aliyefika na mikono mitupu. Wenzake walibeba kamusi na vitabu vya ufundi. Yeye alichukua vile kumi na kimoja kwa sababu migongo yao ilikuwa ya rangi moja, akaona ni vibaya kuvitenganisha.

Georges hakuwasomea wanawe kwa Kifaransa. Aliangalia picha, akasoma kimoyomoyo, kisha akaitoa hadithi kwa Kiswahili cha kwao, hata jemadari wa Kirumi akawa anaongea kama kapita, yule msimamizi wa karakana. Kitabu cha nane, cha migodi ya shaba ya Kupro, kilikuwa kimepotewa na kurasa nne za mwisho. Humo Nikandre anashuka chini ya ardhi kupima njia, mwamba unaporomoka, na mtumwa mbeba taa, Zosimo, anamtoa akiwa hai. Hapo ndipo kurasa zilipokatika. Georges alimalizia mwenyewe. Siku alizolala vizuri, Zosimo alipewa uhuru na shamba. Siku mabega yalipomuuma, watumwa wote walitoka na nyundo zao wakamfukuza msimamizi mpaka baharini. Watoto walijifunza kuyatazama mabega ya baba yao kabla ya kuomba hadithi.

Georges alikufa Laure akiwa chuoni. Miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu tayari, Laure aligundua kwamba Nikandre alikuwa ameendelea kuishi bila yeye kujua. Mchoraji wa kwanza alikuwa ameaga dunia, wengine wakashika kalamu yake. Kulikuwa na mfululizo wa pembeni juu ya utoto wa Nikandre, na mwingine wa maelezo ya miji ya kale. Kulikuwa na filamu za katuni, na mchezo wa kompyuta ambamo mtu alijenga barabara za Warumi mpaka macho yakauma. Wanafunzi wake walikuwa na zile filamu kwenye simu. Saa ya mapumziko, kwenye kioo kilichopasuka, Laure aliona kwa mara ya kwanza hadithi ya Kupro ilivyokwisha kweli. Nikandre alipanda merikebu akapunga mkono. Zosimo alirudi mgodini akiwa ameshika taa mpya, zawadi ya rafiki yake.

Taa mpya. Neno hilo lilimkaa Laure kooni kama mwiba wa samaki. Hakumwambia mtu, maana nani angemwelewa mwanamke mzima anayeumwa na katuni? Lakini aliposhika kitabu cha kupeleka redioni, hakuhitaji kuchagua. Alichukua cha nane.

Jumamosi ya kwanza alisoma peke yake, akitafsiri huku akisoma, na akaona kazi ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Nusu ya hadithi haikuwa katika maneno. Mwamba ulipoporomoka, mchoraji alikuwa ametumia kurasa tatu bila neno hata moja, na Laure akajikuta mbele ya kipaza sauti hana la kusema. Kwa Jumamosi iliyofuata Ricky alikuja na karai, kokoto na chupa ya maji iliyotobolewa. Akarekodi mawe yakibiringika, akarekodi tone linalodondoka mahali patupu, akavichanganya. Siku hiyo watu kumi na mmoja walipiga simu, na mmoja wao alitaka tu kujua kama ule mgodi ulikuwa upande wa Kambove, mji jirani.

Juma la tatu msikilizaji mmoja alikuja mwenyewe. Aliitwa Banza, mchimbaji wa mkono kule Kamatanda, mtu wa kifua kipana, na alikuwa ameosha viatu vyake kabla ya kuingia. Alikataa kiti. Alisema kwamba wao kule wanasikiliza, na kwamba kuna jambo linawachekesha mahali pasipotakiwa kicheko.

“Madame, hadisi ni muzuri,” alisema. “Lakini ule Nikandre anatembeaka mule ndani sawa muntu wa ku barabara. Mu shimo muntu hasimame. Anainama, ao anatambaa. Na hasemake mingi, ju ya mupepo.”

Laure alifungua kitabu mezani. Ilikuwa kweli: kila mtu chini ya ardhi ya Kupro alikuwa amesimama wima, joho linapepea, na taa inaangaza kuta zote kama ukumbi wa sherehe. Alikuwa ameziangalia picha hizo miaka arobaini bila kuona kosa. Alimwomba Banza aeleze tena, polepole, akaandika: hewa ni chache kwa hiyo watu hawasemi mengi, mwanga hauendi mbali kuliko mkono, unamjua mwenzako kwa pumzi yake, mwamba kabla haujaanguka hutoa mchanga kidogo shingoni. Walipomaliza, alimwuliza kama angekubali kuwa sauti ya Zosimo. Banza alisema hajui kusoma Kifaransa. Laure akasema hapatakuwa na Kifaransa. Tangu siku hiyo aliandika karatasi zake mapema, katika Kiswahili cha mjini, Kiswahili ambacho kama mwalimu asingekubali kukipa alama, na kilimtoka kwa urahisi uliomshangaza.

Baada ya Banza alikuja dada yake mkubwa, Bénie. Huyu alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa maombi, wa kanisa la uamsho, na alikuwa amesikia kwamba mdogo wake anaigiza mambo ya miungu ya wapagani katika redio ya Wakatoliki. Alisikiliza zoezi lote mikono ikiwa kifuani. Mwishoni alikiri kwamba halikuwa jambo baya, na Laure, aliyekuwa anatafuta sauti ya mwanamke kwa ajili ya mama mmoja aliyefiwa katika hadithi, akampa karatasi. Bénie alisoma vizuri mpaka mahali pa sala. Hapo akaishusha karatasi. Yule mama alimwita mungu wa kike wa kisiwa kwa jina lake.

“Miye siwezi kuita ile jina na kinywa yangu,” alisema. Hakusema kwa ugomvi.

Laure alitaka kubisha kwamba ni mchezo tu. Kisha akaona uso wa Bénie, akafuta mistari minne kwa kalamu. Yule mama hakusali tena. Alikaa tu, akaimba kidogo bila maneno. Ricky, nyuma ya kioo, alisahau kuzima mtambo, na sauti ile ikaendelea kurekodiwa kwa dakika nzima. Hawakuikata.

Bénie alitaka kujionea katika kitabu mahali jina hilo lilipokuwa limeandikwa. Akawa anafunua kurasa, na kwenye ukurasa wa thelathini na moja kidole chake kikasimama juu ya mraba wa saba. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye kitunga cha mawe ya kijani mgongoni, amegeuka kumtazama anayesoma. Nyuma yake Nikandre anapita na vipimo vyake. Mwanamke hakuwa amesema neno.

“Uyu mama ni nani?”

“Hana jina,” Laure alimjibu. “Wamemchora mara moja tu.”

“Anabeba majiwe ya bantu bote, na hakuna mwenye anamuuliza jina?”

Laure alifunua mbele na nyuma kana kwamba jibu lingekuwa limejificha kwenye kurasa nyingine. Bénie hakungoja. Alieleza kwamba yeye mwenyewe kabla ya kuuza sokoni alibeba na kuosha mawe miaka tisa, na kwamba aliyechora kitunga kile hakuwahi kukibeba, kwa sababu kamba aliipitisha kifuani, na kamba ya kifua humnyima mtu pumzi kabla hajafika mbali. Kamba hupita kwenye paji la uso. Alionyesha mahali. Alama bado ilikuwapo, mstari hafifu chini ya kilemba.

Hadithi ya Nikandre huko Kupro ilikwisha Jumamosi ya saba. Kurasa za mwisho hakuwa nazo, akausimulia mwisho kama alivyouona kwenye filamu, merikebu, mkono na taa mpya, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba hadithi imeishia hapo, ila juma lijalo watabaki kisiwani na wale ambao hawakupanda merikebu. Ndivyo alivyoanza Mirto, yule mwanamke wa mraba wa saba. Jina alilitoa katika orodha ya majina ya Kigiriki nyuma ya kamusi yake, na Bénie alilikubali kwa sababu halikuwa la mungu yeyote. Mirto alibeba mawe, alijua ni msimamizi gani anayepunja mizani, alijifunza kwa siri kutambua mawe mazuri kwa ulimi, na ndiye aliyemwona Zosimo akirudi na ile taa mikononi, akamwuliza mafuta yake yatatoka wapi.

Jumamosi kumi na nne Mirto alikuwa hewani. Sokoni wanawake walinyamazisha wateja saa kumi ikifika. Papa Léon, aliyekuwa amezoea barua za kulalamikia kelele za kwaya, alianza kupokea barua za kuuliza kama Mirto ataolewa. Mtu fulani akarekodi vipindi na kuvisambaza kwenye simu, vikafika Lubumbashi, kutoka huko vikafika Ulaya kwa ndugu waliohamia, na huko vikamfikia mtu aliyelitambua jina la Nikandre.

Barua ilikuja kwa kompyuta ya redio siku ya Jumanne, ukurasa mmoja wa Kifaransa safi. Nyumba ya uchapishaji yenye mali ya Nikandre iliwapongeza kwa ubunifu wao, kisha ikawaomba waache katika siku kumi na tano. Jina, hadithi na wahusika vilikuwa na wenyewe, na kuvitia katika mchezo wa redio kwa lugha yoyote kulihitaji mkataba. Papa Léon aliogopa kufungiwa redio, akataka kila kitu kisimame siku ileile.

Kilichompata Laure kwanza ni aibu. Yeye ndiye aliyewapa sifuri wanafunzi walionakili kazi za wenzao, na kwa miezi mitano hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba kitabu kile kina mtu anayekula kwacho. Hasira ilikuja baadaye, lakini hakuona vizuri aielekeze kwa nani. Banza alishauri waendelee, maana nani atapanda ndege kuja kumfunga Mirto? Ricky alitaka wabadilishe majina herufi mojamoja. Bénie alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya karanga, na alisema mwishoni.

“Nikandre ni yabo. Tubarudishiye.”

“Na Mirto?” Laure aliuliza. “Yeye pia wamemchora wao.”

“Bale bamemuchora tu. Kumuzala, njo siye.” Alizungusha kidole kuwaonyesha wote waliokuwamo.

Jumamosi iliyofuata Laure aliwaeleza wasikilizaji ukweli, bila kulia na bila kumlaumu mtu. Alisema hadithi ile walikuwa wameiazima bila kubisha hodi, na mwenye nyumba ameuliza. Kisha akaandika barua yake, iliyomchukua siku tatu. Alikiri kosa, akaahidi kuacha Nikandre na Zosimo, akaeleza juu ya mraba wa saba wa ukurasa wa thelathini na moja na jinsi alivyopatikana yule mwanamke, na akauliza kama wangeweza kubaki naye. Aliambatisha sehemu ya kwanza ya Mirto katika Kifaransa. Alipoitafsiri aliiona imekonda, akaona haya kuituma, akaituma.

Majuma sita yalipita kimya. Nusu saa ya Jumamosi ilirudi kwenye sarufi, na sasa watu walipiga simu kulalamika. Juma la saba ndipo lilipokuja jibu, kutoka kwa mama mmoja aliyeitwa Cathy, msimamizi wa haki katika nyumba ile. Aliandika kwamba ameangalia ukurasa, na kwamba miaka yote aliyofanya kazi hapo hakuwahi kumwona mwanamke yule. Nyumba yao haikudai chochote juu ya mtu asiye na jina wala neno, mradi tu katika hadithi yao pasiwepo Nikandre, wala Zosimo, wala lolote kati ya matukio ya kitabu. Chini, kwa maneno yake mwenyewe, aliongeza kwamba angependa kujua kama Mirto aliolewa.

Laure alifurahi kwa muda wa kusoma barua mara mbili. Mara ya tatu aliona kilichokuwa ndani yake: Zosimo hayupo tena, na Zosimo alikuwa Banza. Alimngoja getini mwa redio, akamweleza hapohapo waziwazi, kwa sababu hakujua njia nyingine. Banza aliisugua ncha ya kiatu ardhini. Hatimaye aliuliza kama huyo Mirto hakuwa na ndugu wa kiume.

Hakuwa naye. Kufikia Jumamosi alikuwa naye, aliyeitwa Filo, mkimya kuliko Zosimo na mwenye kukasirika haraka. Laure aliuhamisha mgodi kutoka Kupro hadi Hispania, akaondoa taa, akaondoa mapango yenye kuta za kung'aa, akaandika upya tangu mwanzo. Baadhi ya wasikilizaji waliondoka. Walitaka panga na merikebu, na hadithi ya watu wanaobeba, kupimiwa na kubishana waliiona kila siku bila redio. Kwa mwezi mmoja simu zilikuwa mbili au tatu. Laure alizihesabu, zikamwuma, akaendelea. Kisha polepole watu wakarudi, hasa wanawake, wakiwa na masahihisho mengi. Wengine waliyaleta kwa maandishi. Ilipofika sehemu ya ishirini na mbili, Mirto akiwa amenunua uhuru wake na kukataa kuolewa, Laure alikuwa na daftari zima la mambo aliyofundishwa na watu aliowahi kudhani anawasomea.

Mwaka uliofuata, mwalimu mmoja wa Mwadingusha, kando ya ziwa, jina lake Joachim, alimletea barua kwa mkono wa dereva. Kikundi cha maigizo cha wanafunzi wake kilikuwa kinamcheza Mirto jukwaani. Waliomba ruhusa, ingawa mazoezi yalikuwa yameanza zamani. Walibadilisha machache, aliandika. Mirto hakuwa mgodini, alikuwa ukingoni mwa ziwa la Warumi, na kitungani mwake mlikuwa na samaki, kwa sababu wasichana wa kule kazi ya samaki wanaijua. Walimwongezea pia bibi.

Laure aliisoma akiwa amesimama. Aliumia, na hakutegemea kuumia. Mirto na samaki! Alikaa, akachukua kalamu, akaanza kumweleza Joachim kwa heshima kwamba mhusika huyu ana asili yake, ana kazi yake, na kwamba si kila badiliko linafaa. Alipofika katikati ya ukurasa aliinua karatasi akaisoma, akakisikia Kifaransa chake kilivyo safi, kama cha ile barua ya wachapishaji. Aliichana. Akaandika mistari miwili kwa Kiswahili: waendelee, na wamwambie siku.

Alikwenda na Bénie. Waliketi kwenye benchi la mbele, katika ukumbi wa shule, wazazi wamejaa mpaka madirishani. Aliyemcheza Mirto alikuwa msichana mrefu aitwaye Shekina, na kitunga chake kilikuwa cha kazi kweli, chenye harufu iliyofika safu ya tatu. Mengi Laure hakuyatambua. Mizani ya msimamizi ilikuwa mtumbwi, na Filo alikuwa mlevi mcheshi. Mahali pamoja, Mirto alipoweka mzigo chini na kukataa kuubeba, maneno yalikuwa yaleyale ya Laure, neno kwa neno, na ukumbi ukapiga makofi. Bénie hakupiga. Alisogeza mkono wake benchini mpaka ukagusa wa Laure, akauacha hapo.

Baada ya onyesho Shekina alikuja, jasho usoni, akapiga goti kidogo kwa adabu, akauliza Madame ameonaje.

“Sehemu ya tatu ni murefu,” Laure alimwambia. “Mukate kale kasehemu ka bibi anasinzia. Na usimame mbele zaidi, bantu ba nyuma habasikie.”

Shekina aliandika yote mawili kiganjani, akashukuru, akakimbia kufunga upya kitenge chake, maana watu waliokosa nafasi walikuwa wanaingia kwa onyesho la pili.